Bega la Jirani

— Papa, watu wangu wamenichosha. Wako 14, tunachimba mfereji wa maji ya mvua. Asubuhi wanatia saini kwenye daftari, jioni tena, lakini kazi inalegalega.

— Saini inasema mtu alikuja, mwanangu. Nilipotengeneza reli hapa Kamina, kapita, msimamizi wetu, naye alikuwa na daftari, lakini hakuweza kuona chini ya taruma. Kokoto zisiposhindiliwa sawasawa, mnajua wewe na mwenzako wa upande wa pili tu.

— Basi nani aliwasimamia?

— Sisi kwa sisi. Tukinyanyua reli, mmoja anaimba, wote tunaitikia, chuma kinapanda. Ukilegeza mikono, uzito unahamia bega la jirani papo hapo. Anageuka, anakutazama. Jicho lile liliniuma kuliko kukatwa mshahara.

— Wangu hawaoneani haya hivyo.

— Watawezaje? Kila wiki unawachanganya upya. Aibu haioti kati ya watu wasiojuana. Angalia likelemba, ule mchango wa zamu wa akina mama sokoni: haingii mtu asiyejulikana, na asiyeleta pesa leo amemuumiza mwenzake mwenye zamu. Wagawe saba saba, kila kundi na kipande chake cha mfereji. Saa ya kuanza na adhabu ya mchelewaji wapange wenyewe.

— Mimi nitabaki na nguvu gani?

— Mulopwe wa Baluba alikuwa mfalme mwenye heshima kubwa. Hata hivyo walikuwepo Bambudye, wasomaji wa lukasa, ule ubao wa shanga unaotunza habari za ufalme, na waliweza kumwekea mipaka. Hakuacha kuwa mfalme.

— Na kundi zima likikosea?

— Hapo ndipo pagumu. Mwenzetu mmoja aliugua, akawa anajaza udongo mahali pa kokoto kwa sababu ni mwepesi. Tuliona, tukanyamaza, kumsema tuliona ni kumsaliti. Mvua zikaja, reli ikalala upande. Umoja uliotunyanyulia chuma ndio uliotufunga midomo, na mpaka leo najuta. Kwa hiyo shuka mferejini mwenyewe, na kijiti, upime kina. Na atakayekuja kwako usiku kukuambia neno, usimtaje mbele ya wenzake.

— Daftari nilitupe?

— Hapana, la malipo libaki. Ukichelewa kuwalipa, watakuwa kundi moja kweli, lakini dhidi yako.