Mada Ndogo: Mwingiliano wa Mawimbi ya Redio katika Vituo vya Setilaiti

Swali: Kwa nini kituo cha setilaiti hakijengwi ovyo katikati ya mji?

Setilaiti ya mawasiliano iliyo juu ya ikweta ipo takriban km 36,000 kutoka ardhini. Kumbuka: nguvu ya mawimbi hupungua kwa kipeo cha pili cha umbali.

Mfano: Ungo upo Tabora mjini, km 1 kutoka mnara wa simu. Kama mnara na setilaiti vinatoa nguvu sawa pande zote, mawimbi ya mnara hufika yakiwa na nguvu mara 36,000 × 36,000, yaani bilioni 1.3 hivi. Masafa yakikaribiana, ungo hulemewa ingawa umeelekezwa angani.

Kinga:
1. Umbali. Hamishia ungo Kwihara, kwenye njia ya zamani ya misafara, tuseme km 6 kutoka mnara: mwingiliano hubaki 1/36.
2. Milima. Kituo cha Longonot, Kenya (1970), kipo Bonde la Ufa, mbali na Nairobi.
3. Mgawo wa masafa, unaosimamiwa nchini na TCRA.

Angalizo: Usijibu "mvua". Mvua hudhoofisha mawimbi, si mwingiliano.

Jipime: Ungo ukihama kutoka km 2 hadi km 8, mwingiliano utapungua mara ngapi? (Jibu: 16)