Kupima Kasi ya Programu Mbili Darasani

Wanafunzi wanaojifunza kuandika programu za kompyuta hupenda kudhani kwamba programu fupi ndiyo yenye kasi. Ni wajibu wa mwalimu kuwazoeza kupima kabla ya kuamua. Katika makala haya tunaeleza zoezi moja lifaalo kwa kazi hiyo.

Wanafunzi wapewe orodha ya namba zilizopangwa kuanzia ndogo hadi kubwa, kisha waandike programu mbili za kutafuta namba moja ndani yake. Ya kwanza ikague namba moja moja tangu mwanzo. Ya pili itazame namba ya katikati, iache nusu isiyohusika, na kuendelea vivyo hivyo katika nusu iliyobaki.

Kwanza ithibitishwe kwamba programu zote mbili zinatoa jibu sahihi, hata kwa namba isiyokuwamo. Kasi ya programu inayokosea haina faida.

Ndipo muda upimwe. Kutafuta mara moja huchukua muda mdogo mno. Kwa hiyo kazi irudiwe mara nyingi, na jumla ya muda igawanywe kwa idadi hiyo. Chombo cha timeit katika lugha ya Python hurudia mara 1,000,000 kisipoagizwa vingine. Orodha ikiwa ndefu, idadi hiyo ipunguzwe. Kipimo chote kifanywe mara tano, na uchukuliwe muda mdogo kuliko yote, kwa kuwa shughuli nyingine za kompyuta kwa kawaida huongeza muda.

Hapa pana mtego. Namba inayotafutwa ikiwa ya kwanza katika orodha, programu ya kwanza hushinda. Ikiwa ya mwisho, huachwa mbali. Basi zitafutwe namba za sehemu mbalimbali, na orodha irefushwe. Kwa namba 1,000, programu ya kwanza huweza kukagua zote 1,000, na ya pili 10 tu. Kwa namba 1,000,000, ya kwanza huweza kukagua 1,000,000, na ya pili 20 tu. Lakini namba zikiwa hazijapangwa, muda wa kuzipanga nao uhesabiwe.

Mwalimu asitangaze mshindi. Awaulize wanafunzi: “Je, kwa orodha nyingine tungepata matokeo yaya haya?” Mwanafunzi aliyezoea swali hilo hatadanganywa na kipimo kimoja, kiwe chake au cha mwingine.