Nimefeli Pune, nyumbani Mamba wanajua nimefaulu

Shangazi,

Mimi ni kijana wa miaka 22, kwetu ni Mamba Miamba, wilaya ya Same. Niko mwaka wa pili hapa Pune, India, nasomea kompyuta. Ada analipa baba kwa tangawizi. Mwaka jana mauzo yalipokuwa mabaya alikodisha kipande cha shamba ili nisirudishwe nyumbani.

Tunaishi wanne kwenye nyumba ya kupanga mtaa wa Kondhwa. Pesa ya chakula huisha kabla ya mwezi, kwa hiyo nashindia vada pav, ule mkate wa barabarani wenye bonge la viazi ndani. Usiku silali, niko na simu hadi saa tisa, na asubuhi vipindi vinanipita. Muhula uliopita nilipata sapu mbili. Nyumbani niliwaambia nimefaulu yote, na mama akasimama kanisani akatoa shukrani.

Sasa kuna harusi ya binamu yangu. Kamati imeniandikia ahadi ya laki tatu bila kuniuliza, eti kwa sababu niko ng'ambo. Na mimi nimelisababisha hilo, maana picha ninazoweka ni za maduka makubwa tu. Rafiki yangu amenipatia kazi ya usiku ya kupokea simu, malipo mkononi. Nafikiria kusimama chuo kwa muda, nifanye kazi, nilipe deni la kodi na kutuma hiyo ahadi. Baba ana presha, naogopa kumwambia. Nifanyeje?

Kijana wa Mamba, Pune

*

Mwanangu,

Hiyo kazi ya usiku usiikubali. Naanza na hilo kwa sababu mengine yote yanaweza kungoja wiki moja, hilo haliwezi. Viza ya mwanafunzi nchini India haikuruhusu kufanya kazi ya mshahara. Anayelipwa mkononi hana mkataba, na mwajiri akimdhulumu hana pa kwenda, maana akienda polisi atakuwa amejishtaki mwenyewe. Kusimama chuo nako usikuone kitu chepesi. Ruhusa yako ya kukaa India imefungwa na chuo. Jina likitoka chuoni, huna tena sababu ya kuwa nchini humo, na ofisi ya usajili wa wageni itakuuliza. Sapu mbili hazimrudishi mtu Same. Kukamatwa kazini bila kibali kunamrudisha, tena kwa aibu kubwa kuliko hiyo unayoikimbia.

Na hizo sapu zenyewe nakuomba uzitazame kwa ukubwa wake. Vyuo vingi vya India humruhusu mwanafunzi kuendelea na mwaka unaofuata huku akirudia masomo aliyofeli. Kinachowaangusha wengi ni mahudhurio. Kwa kawaida wanataka usipungue asilimia 75, na chini ya hapo unaweza kuzuiwa kuingia kwenye mtihani hata kama somo unalijua. Wewe vipindi vinakupita kila asubuhi. Kesho nenda ofisi ya chuo ukaulize mambo mawili: mahudhurio yako yamefika asilimia ngapi, na tarehe ya mwisho ya kujiandikisha kurudia mitihani ni lini. Usimtume mwenzako. Nenda mwenyewe, upate jibu kwa maandishi.

Sasa tuzungumze habari ya baba yako, na hapa nitakaa kidogo.

Unasema unaogopa kumwambia kwa sababu ya presha yake. Nakuamini, mtoto anayempenda babaye huogopa hivyo. Lakini tazama hali ilivyo. Mzee amekodisha shamba. Msimu ujao ataamua tena: akodishe kipande kingine, auze ng'ombe, au akope kwa jirani. Anaamua mambo ya ardhi ya familia kwa taarifa ulizompa wewe, na taarifa hizo si za kweli. Anaamini pesa anayotuma inatosha na masomo yanakwenda. Angejua haitoshi, huenda angepanga tofauti. Angejua unarudia masomo mawili, angejua pia kwamba kuna ada ya mitihani hiyo. Umemnyima nafasi ya kuamua kama baba. Na Wapare tuko wengi India, mwanangu. Habari zitafika Mamba kwa mdomo wa mtu anayekuja likizo, na hapo ndipo presha itakapopanda kweli.

Kwa hiyo mwambie wewe, wiki hii, kwa sauti yako. Usimwandikie ujumbe, na usipitie kundi la ukoo kwenye simu. Pune mko mbele yetu kwa saa mbili na nusu. Saa mbili usiku, mzee akiwa amekula na kupumzika, kwako ni saa nne na nusu. Mpigie wakati huo. Mamako akishika simu msalimie vizuri, kisha omba kuzungumza na baba peke yake. Anza na kosa lako kabla ya shida zako: "Baba, nilikudanganya kuhusu matokeo." Ukianza na njaa na kodi, itaonekana unatafuta huruma ili ulifunike kosa. Akigomba, mwache agombe. Akikata simu, mpigie kesho yake. Mama aambiwe na ninyi wawili, mapema, kabla hajasimama tena kanisani kushukuru kwa kitu ambacho hakikuwepo. Aibu hiyo ni yako, usimwache aibebe yeye mbele za watu.

Kabla ya kupiga, kaa na karatasi. Andika kila rupia inayotoka kwa mwezi: kodi, umeme, gesi, chakula, nauli, bando la intaneti, na hivyo vitu vya madukani unavyopigia picha. Kisha andika inayoingia. Watu hututania sisi Wapare kwamba tunahesabu mno na tutauza ng'ombe ili tushinde kesi ya kuku. Watanie. Mimi naona heshima katika kuhesabu, na ninaamini mzee wako ataisikiliza karatasi yenye tarakimu kuliko machozi. Mpigie picha hiyo karatasi umtumie.

Kuna jambo jingine karatasi hiyo italionyesha. Tangawizi hukaa ardhini miezi minane hadi kumi. Pesa ya shamba inakuja kwa mkupuo, mara moja kwa mwaka, wakati mwenye nyumba wa Kondhwa anadai kila mwezi. Ukimpigia mzee simu ya shida wakati tangawizi bado changa, unamlazimisha kung'oa kabla ya wakati au kumwuzia dalali kwa bei ya kutupwa. Wazazi wengi wa Mamba wanaumizwa hapo. Kwa hiyo mkubaliane: zao likiuzwa, pesa ya kodi na chakula ya muhula mzima itengwe, ikae benki, na uwe unapokea sehemu ya mwezi tu. Kiongozi wa ushirika au mjomba mwaminifu anaweza kumsaidia mzee kuitunza akaunti hiyo. Pesa zenyewe zipite benki au kampuni inayotambulika ya kutuma fedha. Najua huo mchezo wa "mzazi wako amtumie ndugu yangu Dar kwenye simu, mimi nitakupa rupia hapa." Siku mwenzako akihama chumba, pesa za tangawizi zimekwenda.

Chakula nacho kisikupite. Unaishi kwenye nchi inayokula maharage kwa wingi, na hizo rajma zinazouzwa kwa kilo ni maharage mekundu kama unayoyajua. Mahindi makavu ulizia kwenye maduka ya nafaka. Mtoto wa Upareni anajua makande tangu hajaota meno. Loweka usiku, asubuhi bandika kwenye presha kuka, weka kitunguu na nyanya, na sufuria moja itawalisha wanne siku nzima kwa gharama ndogo kuliko hiyo mikate mnayonunua kila mtu peke yake. Pangeni zamu ya kupika. Mmoja wenu asipotaka, pikeni watatu. Mtu aliyeshiba anaamka, na anayeamka kubandika chakula asubuhi ana sababu ya kulala saa tano.

Simu saa tisa za usiku ni upweke, sitakudanganya kwamba ni uvivu. Mmekaa wanne kwenye nyumba moja na nadhani kila mmoja anawaficha wenzake shida ileile. Tafuta umoja wa wanafunzi Watanzania wa hapo Pune, hudhuria mikutano yao, na hakikisha ubalozi wetu New Delhi una jina lako na anwani yako. Haya si mambo ya sherehe. Januari 2016 binti wa Kitanzania alishambuliwa na kundi la watu Bengaluru kwa ajali ambayo hakuhusika nayo, na ilikuwa kazi ya ubalozi kulifikisha suala hilo kwa serikali ya India. Mwanafunzi asiyejulikana na mtu yeyote ndiye anayeumia zaidi siku kama hiyo.

Na simu za nyumbani zisiwe za pesa tu. Muulize mzee kama ndiva, lile bwawa la kumwagilia, imejaa na zamu ya maji iko kwa nani. Mwambie nawe unayoyaona. India ndiyo inayoongoza duniani kwa kulima tangawizi, na chai unayouziwa pale kona imetiwa hiyo. Nenda sokoni uangalie wanavyoiuza ikiwa kavu, wanaiita sonth, imefungwa vipi, kilo ni bei gani kulinganisha na mbichi. Mkulima wa Mamba anayehangaika na dalali angependa kuyasikia hayo kutoka kwa mwanawe. Hata bajaji za pale stendi ya Same zimepata jina kwa kampuni ya Bajaj, ambayo makao yake makuu yako Pune hapohapo. Una mengi ya kumsimulia mzee, na yote ni ya kweli.

Picha za maduka makubwa ziache. Sikukatazi kupendeza. Nasema hivi kwa sababu umemwonyesha kila mtu Pune ya vioo na taa, kisha unashangaa kamati ikikuandikia laki tatu. Marehemu Profesa Isaria Kimambo, mwana wa Upare, alikwenda kusoma Marekani akaichukua milima yetu kwenda nayo. Historia ya Wapare, aliyoikusanya kwa kuwasikiliza wazee, ndiyo aliyoifanyia shahada ya uzamivu Chuo Kikuu cha Northwestern, jirani na Chicago, na mwaka 1969 ikatoka kuwa kitabu. Nyumbani hapakumwonea aibu, naye hakupaonea. Wewe huna haja ya kuficha kwamba unasoma kwa tangawizi. Ni sifa ya babako.

Kuhusu ahadi ya harusi: usilipe. Mpigie bwana harusi mwenyewe, si mwenyekiti wa kamati, umwambie, "Ndugu yangu, mimi ni mwanafunzi, nasomeshwa, sina mchango wa fedha. Nakutakia heri, na nikimaliza nitakuja kukusalimia na zawadi yangu." Asipoelewa leo, ataelewa akiwa na mtoto chuoni. Usikope rupia hata moja kwa ajili ya laki tatu ambazo hukuziahidi.

Deni la kodi liandike kwenye ile karatasi ya baba, kisha mwombe mwenye nyumba akubali ulipe kwa mafungu, na mafungu hayo yaandikwe. Wengi hukubali wakiona mpangaji amekuja mwenyewe kabla ya kufuatwa.

Niandikie tena ukishaongea na mzee. Kama mambo yatakuwa mazito, niambie, tutatafuta mtu wa karibu naye azungumze naye.

Nanyi mnaoendesha kamati za harusi na makundi ya ukoo, kuanzia Same mjini hadi Suji na Hedaru, nawaomba jambo moja. Mwanafunzi, awe Dodoma, Pune au Guangzhou, msimwandikie ahadi. Mwondoeni kwenye orodha mpaka amalize chuo na apate kazi, na kabla ya kumwomba mchango, muulizeni amekula nini.