Jikoni Mwetu: Usiitupe Ile Kwinoa

Katika mifuko ya chakula ambayo familia hupokea hapa Lakeville, mara nyingine hukutwa pakiti ya punje ndogo sana, nyeupe au nyekundu, zisizofanana na mchele wala mtama. Kwenye pakiti imeandikwa quinoa. Wenyeji hutamka "kinwa", karibu sawa na kinywa chetu, kwa hiyo si vigumu kuulizia dukani. Sisi tutaiita kwinoa.

Pakiti hizo huweza kukaa kabatini mwaka mzima, au huishia kwenye takataka baada ya kupikwa mara moja tu. Mama anaonja, anakuta uchungu, anadhani imeharibika. Au baba anajaribu kuisonga kama ugali, inakataa. Ni hasara kubwa, maana dukani kwinoa huuzwa ghali kuliko mchele wa uzito uleule, na ndani yake mna chakula ambacho watoto wako wanakihitaji.

Kwinoa ni mbegu ya mmea wa milima ya Andes, huko Peru na Bolivia, ambako watu wameila kwa maelfu ya miaka. Tunaipika kama nafaka, lakini mmea wenyewe hauko katika ukoo wa mchele na ngano. Ni ndugu wa mchicha, ule ambao ndugu zetu wa Kongo huuita lengalenga, na majani yake pia huliwa kama mboga. Umoja wa Mataifa uliufanya mwaka 2013 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Kwinoa. Mtafiti Mnyarwanda, Cedric Habiyaremye, aliyesomea Chuo Kikuu cha Washington State hapa Marekani, amefanya kazi ya kuistawisha kwao Rwanda. Basi asikwambie mtu kwamba hiki ni chakula cha matajiri wa Marekani peke yao.

Kikombe 1 cha kwinoa iliyopikwa kina protini kama gramu 8; cha wali mweupe kina kama gramu 4. Nyuzinyuzi ni kama gramu 5, wakati wali mweupe hauna hata gramu 1. Kwa nyumba ambayo nyama hailiwi kila siku, tofauti hiyo si ndogo.

Sasa tuingie jikoni, na tuanze na kuosha, kwa sababu hapo ndipo wengi hukwama. Ganda la kwinoa lina kitu kichungu kinachotoa povu kama sabuni. Ndicho kinachoilinda mbegu isiliwe na ndege shambani. Chujio la kuoshea mchele halifai, matundu yake ni makubwa na punje zote zitakwenda na maji. Tumia chekecheke la unga, au tandika kitambaa safi chembamba juu ya bakuli. Sugua punje kwa vidole chini ya bomba mpaka povu liishe, kama dakika 2. Pakiti nyingine zimeandikwa kwamba kwinoa imeshaoshwa. Ioshe tu.

Kipimo ni kikombe 1 cha kwinoa kwa vikombe 2 vya maji na chumvi kidogo. Ikichemka, punguza moto, funika, iache dakika 15. Zima, usifunue, ngoja dakika 5 nyingine. Utajua imeiva ukiona kila punje imetoa uzi mweupe kama mkia. Nyekundu na nyeusi huchukua dakika chache zaidi na hubaki ngumungumu kidogo. Nyeupe ndiyo laini. Kama jiko lako ni la umeme, lile la duara jekundu, kumbuka kwamba halipoi haraka ukipunguza moto. Sogeza sufuria pembeni kidogo, la sivyo itashika chini. Sufuria ya umeme ya kupikia wali nayo inafaa bila shida. Kikombe 1 kikavu hutoa karibu vikombe 3, kwa hiyo usipike nyingi kama mchele siku ya kwanza.

Kwa familia yenye watoto wanaokataa vyakula vipya, nashauri kuanza na nusu kwa nusu: kikombe 1 cha mchele mweupe, kikombe 1 cha kwinoa iliyooshwa, vikombe 4 vya maji, sufuria moja. Vinaiva pamoja. Weka juu yake maharage, au sombe ya kugandishwa kutoka maduka ya Kiafrika ya Minneapolis na Brooklyn Park, na watoto watakula bila kuuliza. Wiki nyingine ongeza kwinoa, punguza mchele. Watu wa pwani wanaweza kubadilisha nusu ya maji kwa tui la nazi. Kwa samaki wa kupaka hiyo ni tamu kuliko hata wali, kwa maoni yangu.

Pilau nayo inawezekana. Chemsha nyama kwanza mpaka ilainike kabisa, kwa sababu kwinoa haitaingoja. Kaanga vitunguu mpaka viwe kahawia, tia kitunguu saumu, tangawizi na bizari zako za siku zote, kisha tia kwinoa iliyochujwa vizuri na uikaange dakika 3 au 4 mpaka inukie kama karanga. Mimina supu ya nyama, vikombe 2 kwa kila kikombe cha kwinoa, rudisha nyama, funika.

Asubuhi za baridi, chukua kikombe cha kwinoa iliyolala, ongeza vikombe 2 vya maziwa, chemsha dakika 10 huku ukiponda kwa mwiko. Huo ni uji. Mtoto mchanga anayeanza kula usimtilie sukari, na asali haifai kabisa kwa aliye chini ya mwaka 1.

Wanaofanya kazi zamu za usiku kwenye maghala watapenda hii: wali ukilala kwenye friji hugeuka mgumu, kwinoa hubaki laini. Changanya na kachumbari, ndimu, mafuta kidogo na maharage ya kopo yaliyooshwa. Chakula kinaliwa baridi, huna haja ya kupanga foleni ya kupasha moto.

Ugali wa kwinoa, hapana. Unga wake haushikani kama wa mahindi au muhogo. Acha bugali iwe bugali.

Jambo moja la afya. Kuna maneno yanayozunguka kwamba kwinoa inaponya kisukari. Haiponyi. Kikombe 1 kilichopikwa kina wanga kama gramu 39, na wali mweupe kama 45, kwa hiyo bado inapandisha sukari. Nyuzinyuzi zake husaidia sukari isipande kwa kasi, basi ni chaguo zuri kwa mgonjwa, ila kwa kipimo, na dawa zisiachwe. Mzee wa nyumbani anayetumia insulini aongee na muuguzi kabla ya kubadilisha chakula chake cha kila siku. Kliniki ikimhudumia kwa Kiingereza, aombe mkalimani wa Kiswahili. Halipi kitu kwa hilo, na mtoto wa shule asifanywe mkalimani wa mambo ya dawa.

Kwinoa inanunulika kwa kadi ya EBT. Itafute kwenye rafu ya mchele, na usiangalie bei ya pakiti tu. Chini ya bei mna maandishi madogo yanayoonyesha gharama kwa kila aunsi. Mara nyingi mfuko mkubwa ndio rahisi. Iliyopikwa iingie friji kabla ya saa 2 kupita na iliwe ndani ya siku 3 au 4. Ikizidi, igandishe kwenye mifuko midogo, kila mfuko mlo mmoja.