Kiambishi kama Ushahidi: Upatanisho wa Kisarufi katika Michezo ya Upelelezi ya Kompyuta

Utangulizi

Kwa muda mrefu wanafunzi wa Kiswahili wameijadili fasihi ya upelelezi kupitia riwaya. Jina ambalo aghalabu hutangulia ni la Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, ambaye riwaya yake, Mzimu wa Watu wa Kale, ilichapishwa mwaka 1960 baada ya kushinda shindano la uandishi. Baadaye alifuata Faraji Katalambulla na Simu ya Kifo, iliyotoka mwaka 1965. Utanzu huo sasa umepata ndugu mdogo, yaani mchezo wa kompyuta ambamo mchezaji huona picha ya mahali penye tukio, akabofya kitu kimoja baada ya kingine, akakusanya dalili, kisha akatakiwa aseme mwenyewe nani alifanya nini, kwa kitu gani na kwa sababu gani.

Vijana wengi wa vyuoni huicheza michezo hii kwa Kiingereza. Likizuka suala la kuiandika kwa Kiswahili, mjadala huelekea upesi kwenye msamiati: kipanya kiitweje, skrini iitweje. Makala haya yanashikilia kwamba tatizo haliko kwenye msamiati. Liko kwenye upatanisho wa kisarufi. Mchezo uliofasiriwa tu kutoka Kiingereza huvujisha majibu yake kupitia viambishi. Kinyume chake, mchezo uliotungwa kwa Kiswahili tangu mwanzo unaweza kuvifanya viambishi hivyo hivyo kuwa ushahidi. Ili kuthibitisha hoja hii, makala yanaanza na tofauti kati ya riwaya na mchezo, yanapitia kitendawili, kisha yanatoa mfano wa kubuni uliowekwa Kakamega.

Msomaji anayeongozwa na mchezaji anayeulizwa

Katika riwaya za Abdulla, mpelelezi Bwana Msa huona yale ambayo rafiki yake Najum hayaoni. Msomaji yuko upande wa Najum. Anaweza kukisia, lakini asipokisia hadhuriki, kwa kuwa mwishoni Bwana Msa atakifungua kila kifundo. Riwaya humsubiri msomaji mvivu na kumfikisha mahali pale pale inapomfikisha msomaji makini.

Mchezo wa ung'amuzi haumsubiri mtu. Michezo ya kubofya ya awali, kama Maniac Mansion wa mwaka 1987, iliorodhesha vitenzi chini ya picha, na mchezaji alichagua kitenzi kisha akabofya kitu. Kwa hakika alikuwa akiunda sentensi, ingawa sentensi hizo zilihusu vitendo kama kufungua, kusukuma na kuchukua. Michezo ya karibuni imehamisha uzito kutoka kwenye kitendo hadi kwenye hitimisho. Katika Return of the Obra Dinn wa Lucas Pope, uliotoka mwaka 2018, mchezaji ni mkaguzi wa bima anayepanda merikebu iliyorudi mwaka 1807 bila mtu aliye hai ndani yake. Anapaswa kutambua jina na hatima ya kila mmoja wa watu 60. Mchezo huthibitisha majibu pale tu yanapotimia matatu yaliyo sahihi, na kwa hiyo kubahatisha hakumfikishi mtu mbali.

The Case of the Golden Idol wa mwaka 2022, uliotungwa na studio ya Color Gray Games ya Latvia, unakaribia zaidi mada ya makala haya. Hapa mchezaji hukusanya maneno kwa kubofya picha na barua, kisha huyapachika katika maelezo yenye mapengo. Jibu lenyewe ni sentensi, na kwa sababu hiyo sarufi huwa sehemu ya fumbo.

Pengo linalosema

Tuichukue sentensi moja ya namna hiyo. Kiingereza kikisema kwamba kitu fulani kilifichwa chini ya kitanda, umbo la kitenzi ni lile lile, kitu hicho kiwe kisu, barua, shoka au ufunguo. Mfasiri wa Kiswahili hana nafasi hiyo. Akiandika "____ kilifichwa chini ya kitanda", amekwisha kuondoa barua, shoka na ufunguo. Akiandika "____ ulifichwa", kisu nacho kimetoka. Kiambishi cha upatanisho kimemnong'oneza mchezaji jibu kabla hajaitazama picha.

Lugha nyingine nazo zina tatizo hili. Kifaransa kina jinsia mbili za nomino, hivyo kibainishi kinaweza kupunguza majibu yanayowezekana takribani kwa nusu. Ngeli za Kiswahili ni nyingi zaidi, na upatanisho wake hauishii kwenye kitenzi. Hufika kwenye kivumishi, kimilikishi, kionyeshi na kirejeshi. Sentensi moja ndefu inaweza kuutaja mwuaji wa siri mara nne.

Mfasiri mwangalifu ana njia za kukwepa. Anaweza kuliweka pengo baada ya kitenzi na kuacha kiambishi cha mtendwa, kama katika "Alitumia ____ kuvunja kufuli." Anaweza pia kutumia kihusishi kisichobadilika, kama katika "Alipigwa kwa ____." Lakini asiongeze "chake" au "wake" baada ya pengo, kwa kuwa atakuwa ameufungua mlango aliokwisha kuufunga.

Jambo la kuzingatia ni kwamba hali hubadilika tunapotoka kwenye kitu na kwenda kwa mtu. Kiingereza hutofautisha mwanamume na mwanamke katika kiwakilishi cha nafsi ya tatu umoja, ilhali Kiswahili hutumia kiambishi kimoja. Shahidi akisema, "Nilimwona akiingia chumbani mwake", hajatuambia kama aliyeingia ni mume au mke, wala kama chumba ni cha aliyeingia au cha mtu mwingine. Kwa ufupi, Kiswahili humficha mtu na kukifichua kitu. Mtunzi anayelijua hilo ana mkononi fumbo ambalo mtunzi wa Kiingereza hawezi kulitega.

Funzo la kitendawili

Kabla ya kutafuta suluhisho mbali, inafaa tuitazame fasihi simulizi. Kitendawili ni mchezo wa ung'amuzi wenye sheria. Mtegaji hutangaza, hadhira hukubali kutegewa, majibu hujaribiwa, na aliyeshindwa hutoa mji ndipo aambiwe jibu. Tofauti na msomaji wa riwaya, mteguaji hapati jibu bure.

Watafiti wameizungumzia sana sitiari ya kitendawili. Lipo pia jambo la kisarufi ndani ya sitiari hiyo. Katika "Nyumba yangu haina mlango", jibu ni yai. Neno yai ni la ngeli ya LI-YA, na sentensi iliyofuata jibu ingesema "halina mlango". Kitendawili kinasema "haina", kwa kuwa upatanisho unaifuata nyumba, yaani kinyago, na si yai lililofichwa nyuma yake. Vivyo hivyo "Kuku wangu katagia miibani", ambacho jibu lake ni nanasi, hupatanisha kila kitu na kuku wa ngeli ya A-WA. Nanasi halikuacha hata kiambishi kimoja.

Inadhihirika basi kwamba wahenga walikabiliana na tatizo la jibu kuvuja muda mrefu kabla ya kompyuta. Hawakulikwepa kwa kuondoa viambishi. Waliipa sentensi nomino nyingine ya kutawala upatanisho. Mtunzi wa mchezo anaweza kuiga mbinu hiyo kwa kumpa mhusika lugha ya mafumbo, ili viambishi vimpoteze mchezaji anayesoma sarufi bila kusoma sitiari.

Mfano wa kubuni: duka la dhahabu, Kakamega

Dhahabu iligunduliwa katika eneo la Kakamega mwaka 1931, na katika miaka iliyofuata wachimbaji, makarani, wafanyabiashara na vibarua walimiminika huko. Jina la machimbo ya Rosterman lingali linatumika kama jina la mtaa mjini humo. Mji wa namna hiyo, uliokutanisha watu wa lugha mbalimbali kwa ajili ya kitu kidogo chenye thamani kubwa, unafaa sana kuwa jukwaa la upelelezi.

Tuseme mchezo unaanza asubuhi katika duka la mnunuzi wa dhahabu. Duka hili na watu wake ni wa kubuniwa. Vitu vinne havionekani: mizani, daftari la hesabu, mfuko wa vumbi la dhahabu na ufunguo wa mlango wa nyuma. Askari, ambaye hajavitaja vitu hivyo kwa mtu yeyote, anauliza watu watatu swali moja: "Kuna kitu kimepotea usiku. Mna habari gani?"

Karani anajibu: "Mimi sikukiona."

Mpishi anajibu: "Saa tatu nilikuwa nimekwisha kulala."

Mlinzi anajibu: "Nilipofunga, haukuwamo tena."

Mchezaji mwenye haraka atamkamata karani, kwa kuwa kiambishi -ki- kinaonekana kurejelea kitu mahususi. Hata hivyo, askari mwenyewe alitumia neno "kitu", nalo ni la ngeli ya KI-VI. Karani amelifuata swali tu. Ushahidi huo ni dhaifu.

Jibu la mlinzi lina uzito zaidi. Kiambishi -u- hakikutoka kwenye swali la askari. Kimetoka kichwani mwa mlinzi. Hakipatani na mizani, ambayo ingedai "haikuwamo", wala daftari, ambalo lingedai "halikuwamo". Kimebakiza mfuko na ufunguo. Hapo kiambishi cha mahali kinaingia kazini. Mlinzi hakusema "haukuwapo" wala "haukuwako". Amesema "haukuwamo", na -mo huashiria ndani. Mchezaji akibofya ukuta na kuona msumari ambao ufunguo hutundikwa, kisha akabofya sanduku la chuma lililo wazi, atahitimisha kwamba mlinzi anazungumzia mfuko, na kwamba aliwahi kujua mfuko ulikaa ndani ya nini. Neno "tena" linaongeza kwamba aliujua kabla haujatoweka.

Na jibu la mpishi? Saa tatu ya Kiswahili ni saa tisa kwa hesabu ya Kiingereza. Ikiwa saa ya ukutani ya mwenye duka ilisimama mishale ikionyesha tatu, mchezaji asiyetafsiri saa atamtoa mpishi katika orodha ya washukiwa bila sababu, kwa kuwa saa hiyo inaonyesha saa tisa ya Kiswahili, na mpishi hakusema lolote kuhusu wakati huo.

Yafaa kusisitiza kwamba hakuna lililothibitisha kuwa mlinzi ni mwizi. Sarufi imethibitisha alichokijua tu. Huenda mwenye duka mwenyewe alimwonyesha mfuko. Mchezo mzuri hutenganisha kujua na kutenda, na hudai dalili ya pili kabla ya kukubali jina la mkosaji.

Kiswahili cha nani?

Mfano huu una sharti moja: mlinzi lazima awe msemaji anayezingatia upatanisho wa Kiswahili sanifu. Kakamega, kama ilivyo katika sehemu nyingi za bara la Kenya, Kiswahili ni lugha ya pili kwa watu wengi, na mazungumzo ya kila siku mara nyingi huelekea kwenye I-ZI kwa karibu kila kisicho na uhai. Msemaji wa namna hiyo angesema "haikuwa ndani", na ushahidi wote ungeyeyuka. Darasani matumizi hayo huitwa makosa. Ndani ya mchezo yangekuwa sifa ya mhusika, na mchezaji angelazimika kwanza kupima kila shahidi huzungumza Kiswahili gani kabla ya kuviamini viambishi vyake. Mtunzi angehitaji kuwasikiliza wasemaji wa Kakamega kwa heshima, na mchezaji angehitaji kujua usanifu na usemaji wa mtaani kwa pamoja.

Hapa pana hatari isiyopaswa kupuuzwa. Katika Obra Dinn, lafudhi na asili ya mabaharia ni dalili halali za kuwatambua. Nchini Kenya jambo hilo lina historia nzito. Katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, wapo waliodhuriwa kwa sababu ya kabila walilodhaniwa kuwa nalo. Mtunzi anayetumia "ndia" na "mato" za Kimvita kuonyesha kwamba karani alitoka Mombasa ametumia elimu ya lahaja vizuri. Anayeifanya lafudhi kuwa dalili ya hatia amewafundisha wachezaji ubaguzi. Kigezo kiwe hiki: lugha ya mhusika itueleze alipopita na anachokijua, isituambie kamwe kwamba ni mwovu.

Hitimisho

Makala haya yamebainisha kwamba mchezo wa ung'amuzi unakaribiana na kitendawili kuliko riwaya, kwa kuwa yote miwili humdai mshiriki jibu. Yameonyesha pia kwamba upatanisho wa Kiswahili huvujisha jibu katika tafsiri, ila unaweza kuwa chombo cha ushahidi katika utunzi. Kutokana na hayo, kazi ya kuandaa michezo hii kwa Kiswahili haiwezi kuachiwa wataalamu wa kompyuta peke yao, wala haiwezi kukamilishwa kwa orodha ya istilahi. Inamhitaji mwanaisimu anayejua tofauti ya "haukuwapo" na "haukuwamo", mwanafasihi simulizi anayejua kitendawili kinavyovaa kinyago, na mtu wa kuandika programu.

Hatua ya kwanza haihitaji hata kompyuta. Mhadhiri anaweza kuligawa darasa makundi, kila kundi likatunga kisa cha ukurasa mmoja chenye vitu vinne na mashahidi watatu, likabadilishana na jingine, na kila hitimisho likatetewa kwa kiambishi kilichopigiwa mstari. Mwanafunzi anayelalamika kwamba ngeli hazina faida nje ya mtihani atagundua kwamba bila ngeli, mlinzi angekuwa amekwenda zake.