Alifu, bee, tee nyumbani: anza na baba, babu na bibi



Wazazi wengi huuliza: mtoto anayesoma kwa Kiingereza siku tano, akaja kwetu Jumamosi kwa Kiswahili, tukimwongezea herufi za Kiarabu nyumbani si tutamchanganya? Hatachanganyikiwa, mradi umfundishe kwa Kiswahili. Herufi hizi si ngeni kwetu. Kabla ya herufi za Kirumi kuenea pwani, barua, hesabu za biashara na tendi za Kiswahili ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Utendi wa Tambuka, uliotungwa Pate mwaka 1728, ni mmoja wao. Hata mtu asiyejua kusoma tunasema hajui alifu kwa kijiti, kwa sababu alifu (ا) ni mstari mmoja uliosimama wima, mfano wa kijiti.

Sikio kwanza

Herufi ni 28, na nyingi kati yake mtoto anazo kinywani tayari. Thee (ث) imo katika thelathini, dhali (ذ) katika dhahabu, shini (ش) katika shukrani, khee (خ) katika masalkheri. Ghaini (غ) imo katika ghali na lugha. Hii ya mwisho isikilize vizuri, maana Kiingereza hakina sauti hiyo, na watoto waliozaliwa huku huanza kusema "luga". Mrekebishe kwa upole kabla hujamwonyesha herufi yenyewe. Zipo chache ambazo Kiswahili cha kila siku hakina sauti zake, kama ح, ع na ق. Hizo zisikupe hofu. Mtoto ajue sura zake tu; matamshi yake kamili atayapata kwa mwalimu wa Kurani.

Bakuli na kunde

Usianze kwa kumkaririsha herufi zote 28. Anza na familia moja. Chora bakuli pana kwenye karatasi, kisha mpe mtoto kunde chache.

Kunde moja chini ya bakuli: bee (ب).
Kunde mbili juu: tee (ت).
Kunde tatu juu: thee (ث).

Mwache azipange mwenyewe, akikosea azihamishe. Hapo atajifunza jambo kubwa kuliko yote katika maandishi haya: nukta ndizo zinazotenganisha ndugu. Familia nyingine zinakwenda vivyo hivyo: jimu, hee na khee (ج ح خ), dali na dhali (د ذ), ree na zee (ر ز), sini na shini (س ش). Familia moja kwa wiki inatosha.

Tunaandika kutoka kulia kwenda kushoto. Mtoto aliyezoea vitabu vya shule atasahau, basi mbandikie nyota ndogo ukingo wa kulia wa karatasi na umwambie: safari inaanzia kwenye nyota.

Herufi moja, watu watatu

Sasa mpe irabu. Fat-ha ni kistari juu ya herufi, husomwa a. Kasra ni kistari chini, husomwa i. Dhumma ni kijiwau kidogo juu, husomwa u. Imbeni pamoja: bee fat-ha ba, bee kasra bi, bee dhumma bu. Kisha mwandikie maneno haya:

بَابَ — baba
بَابُ — babu
بِيبِ — bibi

Alifu na yee (ي) zilizo katikati zinavuta sauti, kwa kuwa Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, na wazee wengi walizoea kuandika hivyo. Mtoto amejifunza bee moja tu na irabu tatu, na tayari anasoma watu watatu wa nyumbani kwao. Akishajua tee na sini, mpe hesabu:

تَاتُ — tatu
سِيتَ — sita
سَابَ — saba
تِيسَ — tisa

Nani hatoi mkono?

Herufi hushikana mikono ndani ya neno. Sita hazimpi mkono jirani wa kushoto: alifu, dali, dhali, ree, zee na wau (ا د ذ ر ز و). Mwambie mtoto atazame neno baba: bee ya kwanza imeshikana na alifu, lakini alifu imekataa kuishika bee ya pili. Kisha atazame bibi, ambamo wote wameshikana. Muulize kwa nini, umwache afikiri.

Bee au baa?

Huenda mtoto akarudi madrasa akisema, "Mama, mwalimu anasema si bee, ni baa." Usimwambie bibi yake amekosea, wala usimpinge mwalimu. Mweleze kwamba herufi ni ileile: kwa Kiarabu inaitwa baa, na watu wetu wa pwani huiita bee. Ajifunze yote mawili. Mtoto anayeambiwa kuwa alichofundishwa na bibi ni makosa hataacha neno moja tu. Ataanza kuona haya kwa Kiswahili chote cha nyumbani.

Kwa nini tunasisitiza

Kiarabu kina irabu fupi tatu, Kiswahili kina irabu tano. Wazee walipoandika Kiswahili, kwa kawaida e na i zilitumia kasra moja, o na u dhumma moja. Kwa hiyo anayejua Kiarabu pekee hawezi kuzisoma barua zile, na anayejua Kiswahili cha herufi za Kirumi pekee hawezi pia. Anahitajika mtu mwenye vyote viwili. Hapa London, maktaba ya SOAS imehifadhi miswada ya Kiswahili ya aina hiyo, na katika nyumba zetu wapo wenye barua za babu zilizofungwa kwenye bahasha, hakuna wa kuzisoma. Huenda msomaji wake ni huyo anayepanga kunde mezani kwako.

Kazi ya nyumbani wiki hii

1. Dakika kumi kila siku, saa ileile. Mtoto akichoka, acheni.
2. Watoto: andikeni baba, babu na bibi bila kutazama, mje nayo Jumamosi.
3. Mpigieni simu babu au bibi, mumwombe awasomee alifu hadi yee kama alivyosomeshwa chuoni. Sikilizeni mahadhi yake.
4. Wazazi: kama mna barua ya zamani, msilete yenyewe. Ipigeni picha, tuisome pamoja darasani.

Tukutane Jumamosi, inshallah.