Safu ya Miche 89

Wengine husema eti Kiswahili hakiwezi kubeba hisabati. Hebu tuone.

Nambari tasa ni ile isiyogawanyika ila kwa 1 na kwa yenyewe, kama 2, 3, 5, 7, 11. (Nambari 1 haimo.) Miche 12 ya chai utaipanga safu 3 za miche 4. Miche 13 haipangiki hivyo. Itabaki safu moja ndefu tu.

Likizo iliyopita nilikuwa kwa Kogo, karibu na Litein. Kitaluni mwake mlikuwa na miche 2047. Alitaka ipangwe safu zilizo sawa ili mnunuzi ahesabu upesi. "Atakayeweza," alisema, "safu moja ni yake, auze anunue vitabu."

Nikacheka. "Kogo, haiwezekani. Hiyo ni tasa!" Nilikuwa nimesoma habari za Marin Mersenne, mtawa Mfaransa wa karne ya 17, aliyechunguza nambari kama hizi: 2² − 1 = 3, 2³ − 1 = 7, 2⁵ − 1 = 31, 2⁷ − 1 = 127. Zote tasa, na vipeo vyake pia tasa. Basi 2¹¹ − 1, yaani 2047, itakosaje?

"Kaka, ngoja kwanza," akasema mdogo wangu. Akashika kijiti, akagawanya pale udongoni kwa 3, 5, 7, 11, 13, 17, 19. Wapi! Akajaribu 23: jawabu 89, hakuna baki. Safu 23 za miche 89 zikapangwa, moja ikawa yake. Mimi nikatumwa maji. Kweli, akili nyingi huondoa maarifa.

Somo ni hili. Kipeo kisipokuwa tasa, jawabu nalo si tasa: 2⁴ − 1 = 15. Lakini kipeo kikiwa tasa, jawabu huenda likawa tasa, huenda lisiwe. Lazima lipimwe.

Oktoba 2024 ilitangazwa nambari tasa kubwa mno, iliyogunduliwa na Mmarekani Luke Durant kwa msaada wa kompyuta nyingi: 2 kwa kipeo cha 136,279,841, toa 1. Ina tarakimu 41,024,320. Ukiandika moja kila sekunde bila kulala, utamaliza baada ya siku 475 hivi! Hata hivyo, tarakimu yake ya mwisho twaijua bila kompyuta. Vipeo vya 2 huishia 2, 4, 8, 6, kisha hurudia. Gawanya 136,279,841 kwa 4, baki ni 1. Basi kipeo hicho huishia 2. Toa 1, itabaki 1.

Wala msidhani mambo haya ni ya ng'ambo tu. Mfupa wa kale uliofukuliwa Ishango, mashariki ya Kongo, mwaka 1950, una mafungu ya alama 11, 13, 17 na 19: nambari zote tasa kati ya 10 na 20. Kama wachongaji walikusudia au la, wataalamu bado wanabishana.

Zoezi: je, 2¹³ − 1, yaani 8191, ni tasa? Jaribuni nambari tasa zisizozidi 90. Zaidi ya hapo hakuna haja, kwani 91 × 91 yapita 8191. Gawanyeni kwanza, ndipo muape.